Wakfu wa Mama na Ukumbi wa Jirani

Mama yangu si mtu wa kutishia. Likimtoka neno limetoka, na sisi wanawe tulijifunza mapema kumwomba kabla hajasema, maana akishasema hakuna wa kumrudisha. Naanza na hilo kwa kuwa mtaani kwetu wapo mpaka leo wanaoamini kwamba nyumba ile aliitoa baada ya kushauriana na mashekhe na kufikiri sana. Wanamsifu kwa hekima. Mimi nilikuwepo. Aliitoa mchana mmoja, kikombe cha kahawa mkononi, kwa hasira.

Nyumba iko Ghubra, hapa Maskati, katika mitaa ya ndani, nyuma ya barabara ya maduka. Baba aliijenga miaka michache baada ya wao kurudi kutoka Unguja. Nasema kurudi kama wanavyosema wenyewe, ingawa mama alikuwa hajawahi kuiona Omani hata kwa ndoto mpaka siku aliyoshuka kwenye ndege. Kabla hajafa, baba aliiandikisha nyumba kwa jina la mama ili asitokee mtu wa kumsumbua. Kaka yangu alishajenga kwake Al Amerat, huko nyuma ya milima, na mdogo wangu ameolewa Sib. Niliyebaki ni mimi. Niliolewa, nikaachika bila mtoto, nikarudi katika chumba changu kilekile cha utotoni, mwisho wa ukumbi wa ndani, dirisha linalotazama mndimu. Mshahara wangu wa idara ya maji unanitosha kuishi, haunitoshi kujenga. Kwa hiyo nikisema kwetu, nilikuwa na maana ya chumba kile. Sikuwa na kwingine.

Nyuma yetu, ukuta kwa ukuta, ipo hoteli ndogo. Mlango wake wa mbele unatazama barabara ya maduka, na mgongo wake unatutazama sisi. Zamani wakilala pale watu wa mikoani waliokuja kutazama wagonjwa wao. Mama akijuana nao, akiwapelekea uji mwezi wa Ramadhani. Kisha ikapangishwa kwa mtu mwingine, na huyo akabomoa chumba cha chini cha kulia chakula akafanya ukumbi wa starehe. Muziki, ulevi, wasichana wa kuimba na kucheza jukwaani.

Watu wa nje hushangaa wakisikia kuwa Maskati kuna mambo hayo. Yapo, kwa rukhsa na kwa mipaka yake. Yawe ndani ya hoteli, yasiwe karibu na msikiti, yasiwe karibu na skuli, mlango usiwaelekee watu majumbani mwao. Sisi tuliishi nusu ya maisha bila kuijua mipaka hiyo, kwa sababu haikuwa ikituhusu. Ikaja kutuhusu siku glasi ya maji ilipoanza kutetemeka juu ya meza pembeni mwa kitanda changu. Sauti za waimbaji zilikuwa hazifiki. Kilichofika ni ngoma, nzito, inapanda kutoka sakafuni, unaihisi kifuani kabla hujaisikia. Nilikwenda kazini macho mekundu. Mwenzangu mmoja wa ofisini akaniuliza kama nimefiwa.

Magari yakaanza kuegeshwa mbele ya geti letu. Makopo ya bia yakawa yanatupwa juu ya ukuta, yanaangukia kwenye mndimu. Mama aliyaokota kwa fagio na mfuko wa plastiki, uso kaugeuza upande, hataki hata kuyagusa kwa kidole. Alivumilia. Mpaka siku moja, baada ya Magharibi, kijana mmoja aliyevaa vizuri kabisa, kanzu imepigwa pasi, akasukuma geti akamkuta mama barazani anachambua mchele. Akatoa salamu. Akamuuliza kwa adabu zote wale wasichana wanaingilia mlango gani.

Mama akasimama. Aliliacha sinia la mchele palepale, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilipomuuliza kulikoni alinihadithia kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kisha akasema, "Baba yako angekuwa hai mtu yule asingeifikia baraza hii." Sijawahi kumwona mama ameaibika kama jioni ile, na aibu haikuwa yake.

Majirani wakashtaki. Aliyewaongoza alikuwa jirani yetu wa mkono wa kulia, askari mstaafu, mtu wa sauti kubwa na moyo mwepesi, naye akazunguka nyumba kwa nyumba mpaka wote wakakubali. Manispaa ikamleta ofisa aje kuona. Wakakubaliana wakutane kwetu, kwa sababu sisi ndio tuliokuwa karibu zaidi na huo ukumbi.

Alikuja ofisa mpole, bado kijana, anamwita mama khala, kama mtu na mama yake mdogo. Wanaume wa mtaa walijaa sebuleni. Mimi na wanawake wawili watatu tulikuwa mlangoni mwa jiko, tunapitisha haluwa na tende. Ofisa akasikiliza kila mtu mpaka mwisho, na hilo namshukuru, kisha akaeleza kwa Kiarabu, taratibu. Alisema hoteli ina haki ya kufungua ukumbi kwa kuwa inatazama barabara ya biashara. Makelele, maegesho na mlango wa nyuma atayashughulikia. Lakini kufunga hawezi, kwa sababu wamepima, na kila kipimo kimekaa sawa.

"Msikiti wenu uko ng'ambo ya barabara, khala," akasema. "Umevuka umbali uliowekwa. Skuli iko mbali zaidi. Ungekuwepo msikiti upande huu, wasingepewa rukhsa hata siku moja."

Alikuwa anataka kuendelea. Nakumbuka kinywa chake kilikuwa bado wazi. Mama akatikisa kikombe chake, ile ishara ya mtu aliyetosheka na kahawa, akakiweka kwenye sinia.

"Basi msikiti upo," akasema. "Wewe umo ndani yake."

Watu wakatazamana. Mama akainua mkono wa kulia na kusema, kwa Kiarabu kilichonyooka kuliko anachozungumza siku zote, kwamba nyumba hii ameiweka wakfu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, iwe msikiti, na wote waliokaa hapa ni mashahidi. Kisha akageuka kutazama upande wa jikoni, akairudia yote kwa Kiswahili, ili mimi mwanawe nisije nikasema sikuelewa.

Yule askari mstaafu akapiga takbiri. Wengine wakamwitikia, wengine machozi yakawatoka. Baada ya takbiri hakuna anayeweza kucheka na kusema bibi kakasirika tu, mwacheni apumue. Ofisa alifunga mafaili yake, akatazama chini. Mimi nilibaki nimeshika sahani ya haluwa, na wazo la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe, lilikuwa la kabati langu la nguo.

Jioni kaka akaja kutoka Al Amerat, gari kaliendesha kwa ghadhabu milima yote. Hata kuketi hakuketi.

"Mama, mtu akikasirika husema mengi."

"Mie sisemi mengi."

"Hii nyumba ya baba."

"Baba yako alinipa. Nami nimempa Mungu. Wataka nikamwambie nini, nilikuwa nafanya mzaha?"

Kaka akanigeukia mimi, akanionyesha kwa mkono kama kitu kilichosahauliwa chumbani. "Na huyu?"

Mama akasema, "Huyu mwanangu. Atakuwa na mie."

Aliyeleta njia ya kutokea alikuwa shekhe wa msikiti wa ng'ambo, mzee mtaratibu aliyemzika baba. Kaka alimleta. Alikaa na mama kwa muda, akamweleza kwamba wakfu ukitamkwa mbele ya mashahidi umefunga, haurudi, hauuzwi, haurithiwi. Lakini akasema pia kwamba neno hufuata kusudio. Kama alikuwa anamtisha ofisa, kama alitaka tu kusema kitu kizito ili asikilizwe, basi aseme hivyo sasa, na hakuna atakayemlaumu.

"Bibi," akamuuliza, "ulikusudia?"

Mama aligeuza uso. Alinitazama mimi. Nilikuwa nimekaa kwenye zulia mkabala naye, na nilijua kabisa kwamba akili yake yote iko kwangu wakati ule, kwamba anaona chumba changu na mndimu na miaka itakayokuja baada yake. Nilimwomba kwa macho. Nilimwomba hasa.

"Nilikusudia," akasema.

Shekhe akashukuru, akamwombea dua. Kaka akatoka nje. Mimi nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Nilimkasirikia mama kwa hasira ambayo nimeirithi kwake mwenyewe, na alipokuja nyuma yangu nilimuuliza bila kugeuka, "Mimi nitakwenda wapi?"

"Nitakakokwenda mie."

"Na ukinitoka?"

Akanishika bega. "Hilo ndilo nililolifikiri pale, mwanangu. Nimelifikiri. Lakini lishanitoka, na nikisema sikukusudia nitakuwa nimesema uwongo. Kwa hakika nilikusudia. Nilitaka pale mahala pasije mtu tena akaniuliza lile swali."

Baada ya hapo mambo yakafuata mkondo wake. Wizara inayohusika na wakfu ikaja ikaangalia, ikakubali iwe mahali padogo pa kusalia. Sebule na chumba cha wageni vikaunganishwa. Jiko likawa mahali pa kutawadhia. Mama aliomba vigae vya jikoni visibanduliwe, kwa sababu alivichagua yeye na baba kwenye soko la Matrah siku ambayo waligombana njia nzima, na mafundi wakavibakiza. Chumba changu kikawa upande wa wanawake, na geti la uani, lile la karibu na mndimu, likawa mlango wao. Mimi na mama tukahamia Al Amerat, ghorofa ya juu kwa kaka. Wifi yangu ni mwema. Lakini kila asubuhi navuka milima kwenda kazini, kila jioni navuka kurudi, na nikifika naingia kwa watu. Nabisha hodi. Mtu wa umri wangu kubisha hodi anapolala ni jambo linalochosha kuliko barabara yenyewe.

Tulikuwa hatujamaliza kufungua maboksi simu ikapigwa. Alikuwa ofisa yuleyule. Alimwomba radhi mama kabla hajasema lolote, nami nikajua. Alisema siku ile alitaka kumalizia maneno yake hakupata nafasi, na baadaye aliona vibaya kuja kumvunja moyo mtu aliyetoa alichotoa. Akasubiri wakubwa wake waamue. Sasa wameamua. Umbali hupimwa siku rukhsa inapotolewa. Ukumbi umetangulia, msikiti umekuja nyuma yake. Hawawezi kumfukuza aliyetangulia. Walichoweza ni kuwaamuru wazibe ukuta wa nyuma usipitishe sauti na wafunge mlango wa upande wetu. Hayo yameshafanywa. Ukumbi utabaki.

Nilikuwa nimeiweka simu kwenye spika, kila mtu chumbani alisikia. Kaka aliuma mdomo. Chumba changu kilikwenda bure, nilijisemea, kilikwenda kwa sentensi ya mtu ambayo haikumalizika. Nilimtazama mama nikitegemea atalia, na nitasema ukweli, nilitaka alie.

Mama akamshukuru ofisa, akamuulizia hali ya mama yake, akaaga. Kisha akasema, "Mnanitazama nini? Kwani niliuza? Nimetoa." Akachukua tasbihi yake akatoka kwenda roshani, akakaa huko mpaka adhana. Hakulia mbele yetu. Macho yake aliporudi yalikuwa yamevimba.

Nilidhani hayo ndiyo mwisho wa hadithi, mwisho mchungu kidogo, wa kusimuliwa harusini na kuchekwa. Lakini ikaja simu nyingine, ya mke wa yule askari mstaafu. Alikuwa anazungumza haraka, kwa Kiswahili chetu kilichochanganyika na Kiarabu, kama tunavyozungumza tukikasirika.

"Wallahi dada yangu, hujui kinachotokea nyumbani kwako. Wale wasichana wa ukumbini wanaingia kusali! Kila Magharibi, kabla ya kwenda kazini kwao. Wanaingia kwa mlango wa uani, na manukato yao, na kucha zao. Sisi tushaacha kwenda. Sema neno, tufunge lile geti."

"Wanasali?" mama akauliza.

"Ndiyo nnakwambia, wanasali!"

"Wanatawadha?"

"Wanatawadha, ndiyo, jikoni kwako kulekule. Lakini dada yangu, si wewe uliyeitoa nyumba ili wao waondoke?"

"Nlitaka waondoke. Na leo nnataka. Dhambi inayofanywa mle ndani siipendi, na anayeifungulia mlango nitamshtaki kwa Mungu." Mama alibadilisha mkono wa kushikia simu. "Lakini mtu akitaka kusali nikamfungie geti? Nilisema iwe nyumba ya Mungu. Sikusema iwe ya mtaa wetu."

Mama akaongeza, safari hii kwa upole, "Usiache kwenda. Nenda kakae nao. Mie nakuja."

Alipokata simu alivaa baibui lake akaniambia nimpeleke Ghubra, Magharibi haiko mbali. Nilikuwa nimeshampeleka mara nyingi tangu pafunguliwe, ila kwa sala ya Alasiri, siku za mapumziko. Kila mara nilibaki garini. Nilikuwa na visingizio vyangu: simu ya kazini, kiyoyozi, mahali pabaya pa kuegesha. Mama hakunilazimisha hata mara moja. Siku ile pia hakunilazimisha. Alifungua mlango wa gari, akateremka kwa shida kwa sababu ya magoti yake, akasimama ameushika. Nikazima gari.

Tulipita getini. Mndimu ulikuwa umejaa maua na hakuna kopo hata moja chini yake. Kwenye vigae vya jikoni walikuwepo wasichana watatu wanatawadha, mmoja anajifuta wanja kwa kitambaa chenye maji, anasugua kwa nguvu kama mtu aliyechelewa. Walituamkia. Mama aliwaitikia mmoja mmoja. Chini ya bomba la mwisho, pale lilipokuwa jokofu letu, pochi ilikuwa wazi na viatu vya kung'aa vya kisigino kirefu vimechomoza nje.

Kisha nikaingia chumbani kwangu. Hakikuwa na kitu. Zulia la kijani, rafu ya misahafu, kanga safi zilizokunjwa kwa ajili ya asiyekuwa na cha kujifunika. Dirisha lilikuwa lilelile, na alama ya kitanda changu ukutani, msuguano wa miaka mingi, walikuwa wameipaka rangi lakini bado niliiona. Niliganda hapo mlangoni. Nilitaka kurudi garini.

Aliyekuwa amekaa chini ya dirisha alikuwa mwanamke wa makamo, si msichana, ingawa manukato yake yalikuwa yaleyale ya wale watatu. Sura yake ilikuwa ya uchovu wa mtu aliyelea watoto. Alinitazama nikisita, akadhani nasita kwa sababu yake, nikaona jinsi uso wake ulivyojiandaa kutukanwa. Hata hivyo alisogea. Aliivuta kanga yake, akajibana kwenye ukuta, akaipigapiga kwa kiganja nafasi aliyoiacha, mahali hasa ulipokuwa mto wangu.

"Karibu, dadangu," akasema, kwa Kiswahili cha Mombasa. "Njoo ukae hapa, hapa pana upepo mzuri. Mgeni wewe?"

Mama alikuwa ameshaketi kwenye kiti chake cha plastiki, magoti hayamruhusu zulia. Aliinua uso akanitazama. Hakunisaidia. Alingoja tu nijibu, kama mimi nilivyomngoja yeye mbele ya shekhe.

Nilikuwa na majibu mengi. Nyumba aliijenga nani, kitanda kilikaa vipi, nani aliupanda mndimu. Yote yalifika mdomoni. Upande wa wanaume imamu alikuwa ameshaanza kukimu sala, na wale watatu wakaingia mbio, nyuso zimelowa, wakisukumana kutafuta nafasi.

"Ndiyo, mgeni," nikasema. "Nashukuru."

Nikasimama pale aliponisogezea, bega langu likigusa lake.